Dawa ya Jakuzi Si Dawa ya Mtungi

Ukiyavulia maji nguo, yaoge. Hivyo ndivyo walivyonena wahenga wetu, na maneno yao hayana kasoro. Lakini wahenga hao waliyajua maji ya mto, ya bahari na ya kisima. Hawakuyajua maji yaliyotiwa katika hodhi, yakapashwa moto kwa umeme, yakavurugwa kwa pampu hadi yakatoa povu, kisha watu wanne wakaingia na kukaa humo wakipiga gumzo. Maji ya namna hiyo, mpenzi msomaji, kabla ya kuyavulia nguo ni vyema uulize kwanza: Je, yametiwa dawa gani? Kiasi gani? Na ni nani aliyeyapima?

Huenda msomaji wa Buruburu au Changamwe akaguna na kusema, "Hayo hayanihusu. Mimi sina jakuzi, na hata mfereji wangu hukauka siku nyingine." Subiri kidogo, ndugu yangu. Dawa inayosafisha hodhi la tajiri na dawa inayosafisha mtungi wa maskini ni watu wa ukoo mmoja. Lakini hata katika ukoo mmoja kuna wa kualikwa mezani, na kuna wa kusalimiwa kwa mbali.

Twende Matsangoni. Msafiri atokaye Kilifi kwenda Malindi huipita Matsangoni kabla ya kufika Gede. Upande wa mashariki ni bahari, hori la Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke haviko mbali, na penye watu pana minazi, mikorosho na miembe. Vijana wa sehemu hizi huenda Watamu na Malindi kutafuta riziki katika mahoteli na majumba ya wageni. Kuna wapishi, kuna walinzi, na kuna wale ambao kazi yao ni kutunza vidimbwi vya kuogelea na mahodhi ya maji moto. Jioni wanarudi kwao, ambako maji ya nyumbani hutoka kisimani, katika tangi la mvua au kwenye mfereji.

Kijana wa namna hiyo ni daraja kati ya maji mawili. Mchana mkono wake umeshika dawa ya hodhi la mgeni, na jioni mkono ule ule unachota maji ya kumpa bibi yake. Basi hebu tumbuni kijana mmoja, tumpe mkononi kidonge kikubwa cheupe, kipana kama kifuniko cha chupa ya mtindi, alichokiokota kazini kwake.

"Hawe," amwambia bibi yake, "nimekuletea dawa ya maji. Nikitia hiki kimoja kwenye tangi, utasahau habari za kuchemsha."

"Ahsante mjukuu wangu. Na hao Wazungu wako hunywa maji yenye dawa hiyo?"

"La, Hawe. Wao huyaogelea tu."

"Basi niitie siku tutakapokwenda kuogelea."

Bibi huyo hakusoma kemia, lakini ameuliza swali ambalo kila mnunuzi wa dawa ya maji anapaswa kuliuliza: imetengenezewa kazi gani?

Kwanza tujue dawa hufanya nini. Mwaka 1854 kipindupindu kilipowaua watu wengi katika mtaa wa Soho, London, daktari mmoja aitwaye John Snow alionyesha kwamba waliokufa walikuwa wamekunywa maji ya pampu moja ya barabara ya Broad Street. Hapo watu wakaanza kuelewa kuwa maji yanayong'aa yanaweza kubeba mauti. Mwaka 1897 maji ya mji wa Maidstone, Uingereza, yalitiwa klorini ili kukomesha homa ya matumbo, na mwaka 1908 mji wa Jersey City, Marekani, ukaanza kuyatia maji yake klorini kila siku. Tangu wakati huo dawa hiyo imeokoa maisha ya watu wasiohesabika. Hata maji yanayovutwa Baricho, kando ya mto Sabaki, ambayo hunywesha Malindi, Kilifi na sehemu ya Mombasa, hutiwa klorini.

Lakini klorini hiyo hiyo ilifunguliwa kama moshi wa sumu juu ya askari huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Dawa ni dawa kwa kipimo chake. Kipimo kikizidi, jina hubadilika.

Sasa tuangalie ndugu wa ukoo huu mmoja mmoja.

Wa kwanza ni klorini ya maji, ambayo wengi tunaijua kama dawa ya kufulia nguo nyeupe. Zile za madukani, kama JIK, aghalabu huwa na nguvu ya asilimia 3.5 hadi 4. Ile iliyotengenezwa mahsusi kwa maji ya kunywa, kama WaterGuard, huwa na nguvu ndogo zaidi, yapata asilimia 1, nayo huja na kifuniko cha kupimia. Ubora wa ndugu huyu ni kwamba ni rahisi kumpima. Udhaifu wake ni joto. Chupa iliyokaa miezi mingi dirishani katika jua la Pwani hupoteza nguvu zake kimya kimya, nawe ukadhani una dawa kumbe una maji ya chumvi.

Wa pili ni klorini ya chembechembe au unga, ambayo wafanyakazi wa vidimbwi huiita HTH. Nguvu yake ni asilimia 65 hadi 70. Ikiwekwa mahali pakavu hudumu muda mrefu, na maafisa wa afya huitumia kusafishia visima. Lakini kijiko chake kimoja ni sawa na vijiko vingi vya ile ya chupa, kwa hivyo haitaki mtu wa kukadiria kwa macho.

Wa tatu ni vile vidonge vikubwa vya kidimbwi, kama kile alichokishika kijana wetu. Vingi vyake vina uzito wa gramu 200 na nguvu ya takriban asilimia 90. Huyeyuka polepole, na ndani yake mna asidi ya sianuriki, ambayo kazi yake ni kuikinga klorini isichomwe na jua. Isitoshe, baadhi yake huchanganywa na shabu au mrututu ili kuua ukoga na kuyang'arisha maji. Kwa kidimbwi kikubwa kilicho juani, dawa hii ina manufaa. Kwa mtungi wa maji ya kunywa, haifai kabisa.

Wanafunzi na wachukue kalamu. Kidonge cha gramu 200 chenye nguvu ya asilimia 90 kina gramu 180 za klorini. Kikiyeyuka chote katika tangi la lita 1,000, kila lita itakuwa na miligramu 180. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 5 kwa lita. Hiyo ni mara 36 ya kiwango! Hata tangi likiwa la lita 5,000, bado ni mara saba. Yule bibi alikuwa na haki ya kusubiri siku ya kuogelea.

Kuna pia vidonge vidogo vya maji ya kunywa, kama Aquatabs, ambavyo ni jamaa wa karibu wa vile vikubwa. Tofauti ni kwamba hivi vimetengenezwa kwa usafi wa dawa ya kunywewa, na kila kimoja kimepimwa. Kidonge cha miligramu 67 hutosha lita 20. Usidanganyike kwa sababu vyote ni vyeupe na vyote ni vidonge. Soma karatasi.

Wa nne ni bromini. Huyu ni binamu ambaye hapaswi kufika jikoni, lakini katika hodhi la maji moto ana heshima yake. Klorini ikikutana na jasho na mkojo hugeuka kuwa kitu chenye harufu kali na nguvu ndogo. Bromini ikikutana na uchafu huo bado huendelea kufanya kazi, tena huvumilia joto vizuri zaidi. Adui yake ni jua, nayo asidi ya sianuriki haimsaidii kama inavyomsaidia klorini. Basi hodhi la bromini lililo nje sharti liwe na kifuniko.

Halafu kuna mitambo ya ozoni na taa za miale inayoua vijidudu. Wauzaji huisifu sana, na ni kweli kwamba huua maji yanapopita mbele yake. Lakini yakishapita, hayabaki na mlinzi. Mgonjwa mmoja akiingia hodhini dakika tano baadaye, hakuna dawa ya kumzuia asiwaambukize wenzake. Mitambo hiyo ni msaidizi wa klorini au bromini, si badala yake. Vivyo hivyo mitambo ya chumvi: hiyo huitengeneza klorini kutokana na chumvi, basi anayesema kidimbwi chake hakina klorini kwa sababu ni cha chumvi anajidanganya.

Sasa, kwa nini jakuzi iogopwe kuliko kidimbwi? Jina lenyewe ni la familia ya Kiitaliano iliyohamia California, ambayo mwaka 1956 iliuza pampu ya kuvuruga maji ya bafu, baada ya kuiunda kwa ajili ya mtoto wao aliyekuwa na maradhi ya viungo. Nia ilikuwa njema. Lakini fanya hesabu nyingine. Kidimbwi cha lita 75,000 chenye waogaji 20 humpa kila mmoja lita 3,750. Hodhi la lita 1,500 lenye watu wanne humpa kila mmoja lita 375 tu. Uchafu wa mwili umekolea mara kumi, maji ni ya moto, na dawa huisha haraka.

Joto hilo ndilo wanalolipenda vijidudu. Kuna aina moja iletayo upele mwekundu unaowasha, hasa pale nguo ya kuogelea ilipobana ngozi. Kuna nyingine iitwayo lejionela, ambayo hukua katika maji ya uvuguvugu na kuingia mapafuni kwa njia ya mvuke. Mwezi Februari mwaka 1999 katika maonyesho ya maua ya Bovenkarspel, Uholanzi, mahodhi ya maji moto yaliwekwa ili watu wayatazame na kuyanunua. Hakuna haja ya kuvua nguo. Wageni walipita tu kando yake wakitazama maua, wakavuta pumzi yenye matone madogo ya maji yasiyo na dawa ya kutosha. Watu wasiopungua 30 walikufa. Hiyo, mpenzi msomaji, ndiyo sababu ya kutoidharau kazi ya kijana wa Matsangoni. Wageni hulipa pesa nyingi kwa kitanda na chakula, lakini pumzi zao ziko mikononi mwake.

Wataalamu wa afya wa Marekani wanasema hodhi la maji moto liwe na klorini isiyopungua miligramu 3 kwa lita, au bromini kati ya 4 na 8. Wanashauri pia asidi ya sianuriki isitumiwe humo, yaani vile vidonge vya gramu 200 havifai hata kwa jakuzi. Joto lisizidi nyuzi 40. Watoto walio chini ya miaka mitano wasiingie, na mama mjamzito amwulize daktari kwanza. Mwenye kuhara asiingie hodhini wala kidimbwini, kwa kuwa kuna vijidudu vya kuhara ambavyo huishi siku kadhaa hata ndani ya klorini.

Kuna jambo la uchachu wa maji ambalo hapa Pwani lina uzito wake. Klorini hufanya kazi vizuri kipimo kiitwacho pH kikiwa kati ya 7 na 7.8. Kikipanda hadi 8, sehemu kubwa ya klorini hulala usingizi. Nchi yetu ya Pwani imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyake aghalabu ni magumu, yale ambayo sabuni haitoi povu. Anayejaza hodhi kwa maji ya kisima bila kupima pH anaweza kutia dawa kila siku na bado akafuga vijidudu. Vipande vya karatasi vya kupimia hugeuka rangi katika muda mfupi tu. Bila kipimo, hata dawa iliyo bora ni bahati nasibu.

Na harufu? Watu wengi husema, "Kidimbwi hiki kinanuka klorini, basi ni safi." Kinyume chake! Harufu ile kali inayowasha macho ni ya klorini iliyokwisha kuchoka kwa kupigana na jasho na mkojo. Ni dalili kwamba dawa mpya inahitajika, na kwamba waogaji hawakuoga kwa sabuni kabla ya kuingia.

Turudi sasa nyumbani kwa Hawe. Watu wa Pwani hawakuanza jana kuyatunza maji. Hapo Gede, mji wa kale ulioachwa katika karne ya 17 na ambao mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, mtaona visima vilivyojengewa kwa mawe na vyoo vyenye mahali pa kutawadhia. Huko Lamu, katika mabirika ya maji walifuga visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika wakaweka sahani ya kaure ili samaki wapate pa kukaa maji yakipungua. Walijua kwamba maji yaliyosimama yanahitaji mlinzi.

Mlinzi wa leo wa mtungi ni klorini yenye kipimo. Kwa maji meupe, miligramu 2 kwa kila lita hutosha. Basi kwa tangi la lita 1,000 unahitaji gramu 2 za klorini. Kwa dawa ya chupa yenye nguvu ya asilimia 3.5 hiyo ni mililita 57, yaani vijiko vya chai kama 11. Kwa mtungi wa lita 20 ni robo ya kijiko cha chai. Kwa dawa ya maji ya kunywa, fuata kifuniko na maelezo yaliyo kwenye chupa. Koroga, funika, na ungoje nusu saa. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa leso safi iliyokunjwa mara kadhaa, au yatulize kwa shabu, kisha ndipo utie dawa mara mbili ya kiasi kile. Tope huificha bakteria, na huimaliza dawa kabla haijafika.

Unaponunua dawa ya chupa, tazama mambo manne: asilimia ya nguvu imeandikwa, tarehe haijapita, alama ya ubora ya KEBS ipo, na haina manukato wala rangi. Harufu ya malimau ni nzuri kwa sakafu, si kwa tumbo.

Asiye na pesa za dawa hana sababu ya kukata tamaa. Kuchemsha hadi maji yatokote huua vijidudu vyote vya maradhi haya, ingawa makaa ni ghali na maji yakipoa hayana mlinzi. Jua nalo ni la bure. Jaza maji meupe katika chupa ya plastiki isiyo na rangi, uilaze juu ya bati kwa saa sita, au siku mbili kukiwa na mawingu. Utafiti uliofanywa miongoni mwa watoto wa Kimaasai hapa Kenya na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba walioyaanika maji yao juani walipungukiwa na kuhara.

Lakini klorini haitoi chumvi. Kisima kilichoingiwa na maji ya bahari kitabaki na chumvi hata ukimimina duka zima. Wala haitakiokoa kisima kilichochimbwa jirani na choo. Mawe ya matumbawe yana matundu na nyufa, na kinachoingia chooni chaweza kufika kisimani upesi. Choo kiwe mbali, mita 30 au zaidi, na kisiwe upande wa juu wa kisima.

Mwisho ni usalama wa yule kijana mwenyewe. Usichanganye kamwe aina mbili za dawa, hata kwa kutumia kijiko kimoja. Unga wa HTH ukikutana na vidonge vile vikubwa waweza kuwaka moto au kulipuka. Klorini ikikutana na asidi ya kusafishia choo hutoa ule moshi wa Ypres. Tia dawa katika maji, usimimine maji juu ya dawa. Vaa glavu na miwani, simama upande utokako upepo, na usihamishie dawa katika chupa ya soda, kwani nyumbani kuna mtoto mwenye kiu. Nanyi waajiri, msimwachie mtu ndoo ya dawa bila kumpa kipimo, kinga na mafunzo, kisha mkamlaumu mgeni akitoka na upele.

Kijana wetu basi na akirudishe kidonge chake kazini. Kitu chema cha kuleta nyumbani si dawa ya kidimbwi bali ujuzi wa kidimbwi: kusoma karatasi, kupima kabla ya kutia, kungoja nusu saa, na kufunika. Ujuzi huo haumgharimu tajiri wake hata senti, na Hawe ataunywa bila wasiwasi.

Hadi Jumapili ijayo, funika mtungi wako.